Dawa ya magugu na miche ya mboga: kwa nini mche mmoja hupona na mwingine hufa

Chukua mfano wa wakulima wawili wa nyanya. Wamenunua dawa ya magugu ya aina moja katika duka moja la pembejeo, wakaipima kwa kifuniko kilekile na kuipuliza wiki moja. Baada ya siku kumi, wa kwanza ana shamba safi na miche ya kijani. Wa pili magugu yamekufa, lakini miche nayo imegeuka njano, na mingine imekauka kabisa. Anarudi dukani kwa hasira akisema ameuziwa dawa feki.

Huenda ni feki, kwa sababu dawa bandia zipo. Lakini mara nyingi dawa ni halali, na kilichotofautiana ni hali ya miche, ya udongo, ya hewa au ya mwendo wa mpulizaji. Makala hii inaeleza jinsi dawa inavyoingia kwenye mche wa mboga, jinsi mche unavyoivumilia, na mambo yanayouondolea uvumilivu huo.

Majina ya dawa tunayotumia hapa ni ya kiambato kinachoua, si jina la biashara. Kiambato huandikwa kwa maandishi madogo chini ya jina kubwa la kopo. Kwenye lebo kimeandikwa kwa Kiingereza, lakini kinasomeka karibu na tulivyoandika hapa.

Dawa inaingiaje ndani ya mche?

Iko milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni jani. Jani lina ngozi ya nta inayozuia maji yasipotee. Tone la dawa likitua, linapaswa kukaa, kupenya nta hiyo na kuingia ndani. Jani pana na laini, kama la nyanya au tango, hubeba matone mengi. Jani jembamba lililosimama, kama la kitunguu, huyaacha mengi yateleze na kudondoka.

Mlango wa pili ni mzizi. Dawa zinazopulizwa kwenye udongo huyeyuka katika maji ya udongo, na mche unapokunywa maji hunywa na dawa. Kisha hupanda hadi kwenye majani kwa njia ileile ya maji. Atrazini na metribuzini huingia sana kwa mlango huu.

Mlango wa tatu ni chipukizi linapopenya udongo kabla ya kutokeza juu. Dawa zinazozuia magugu yasiote, kama pendimethalini, hukamata mmea katika hatua hiyo. Huzuia chembe za mmea zisigawanyike, hivyo mzizi na chipukizi hushindwa kurefuka.

Dawa ikishaingia, kuna zinazosafiri na kuna zinazobaki palepale. Parakwati na oksiflorfeni huunguza sehemu zilizoguswa tu. Glaifoseti husafiri pamoja na chakula cha mmea kutoka majani hadi ncha za mizizi na vichipukizi. Ndiyo maana inaua sangari hadi chini, na ndiyo maana tone chache zikiangukia mche wa kabichi zinaweza kuuharibu mche mzima.

Mche unavumilia kwa njia gani?

Mche wa mboga ni dhaifu kuliko magugu mengi. Haupambani na dawa kwa nguvu. Unapona kwa mojawapo ya njia tatu.

Njia ya kwanza: dawa haiufikii. Huenda imeteleza juu ya jani, au iko juu ya udongo wakati mizizi iko chini.

Njia ya pili: dawa imeingia lakini haina pa kushika. Kila dawa hushambulia kitu fulani ndani ya mmea, kama ufunguo unavyotafuta kufuli lake. Dawa zinazoua nyasi peke yake, kama fluazifopu na klethodimu, hushika kimeng'enya cha kutengeneza mafuta ambacho katika nyasi kina umbo linalopokea ufunguo huo. Nyanya, kabichi na maharage wana kimeng'enya cha umbo jingine, kwa hiyo dawa inapita bila kudhuru. Kitunguu nacho hupona, kwa sababu hakimo katika ukoo wa nyasi ingawa majani yake ni membamba. Lakini ukiwa umechanganya mboga na mahindi, mahindi yatakufa, maana mahindi ni nyasi. Ndago haifi kwa dawa hizi, kwa kuwa inafanana na nyasi tu bila kuwa ya ukoo huo.

Njia ya tatu: mche unaivunja dawa kabla haijaua. Hapa kuna mbio kati ya dawa na mche. Dawa inaingia, mche unaibadilisha kuwa kitu kisicho na madhara. Mche ukitangulia, unapona. Dawa ikiingia kwa kasi kuliko uwezo wa mche kuivunja, mche unakufa.

Njia ya kwanza na ya tatu zinategemea sana hali ya shamba. Ndiyo sababu lebo inaposema dawa inafaa kwa nyanya au vitunguu, huongeza masharti ya umri, udongo na hali ya hewa. Uvumilivu wa mche una masharti hayo, na yakivunjwa haupo tena.

Zao moja moja

*Nyanya.* Metribuzini huzuia mmea usitumie mwanga wa jua kutengeneza chakula. Mche wa nyanya huivunja kwa kuifunga pamoja na sukari. Sukari hiyo hutengenezwa kwa jua. Siku kadhaa za mawingu zikipita, mche unakuwa na akiba ndogo ya sukari, na kipimo ambacho wiki iliyopita kingekuwa salama sasa kinaunguza. Wakulima wa nyanda za juu wanajua hali ya Juni na Julai, wakati wa baridi na mawingu ya kutwa. Huo si wakati wa kupuliza metribuzini juu ya miche. Mche uliohamishwa juzi kutoka kitaluni nao uko katika hali hiyo hiyo: mizizi imekatika na majani yamelegea. Subiri ushike na uanze kutoa majani mapya.

Jambo jingine: mnavu ni ndugu wa nyanya. Dawa inayoiacha nyanya salama mara nyingi humwacha mnavu naye. Ukiuona umebaki, ung'oe kwa mkono. Usiongeze kipimo.

*Vitunguu.* Kitunguu huvumilia oksiflorfeni hasa kwa sababu ya nta na majani yake yaliyosimama. Kikiwa na jani moja tu, ngao hiyo bado ni nyembamba. Kwa vitunguu vilivyopandwa kwa mbegu moja kwa moja shambani, lebo za dawa hii hutaka viwe na angalau majani mawili halisi. Mvua na mawingu ya siku nyingi huifanya nta iwe nyembamba, hivyo acha siku chache za jua zipite kwanza. Kosa linalounguza vitunguu vingi ni kuongeza sabuni, mafuta au gundi ya dawa kwenye bomba ili dawa "ishike". Ukifanya hivyo umevunja ngao yenyewe iliyokuwa inakilinda kitunguu.

*Karoti.* Linuroni ikiingia kwenye karoti huvunjwa ndani ya mmea, wakati magugu mengi ya majani mapana hayawezi. Lakini karoti changa sana, hasa katika joto kali, bado huweza kuungua.

*Kabichi na sukuma wiki.* Hapa usalama unatokana na mahali dawa ilipo. Pendimethalini hushikamana na udongo na kubaki katika sentimita chache za juu. Ikipulizwa kwenye tuta kabla ya kupandikiza, mizizi ya mche huwekwa chini ya tabaka hilo, na magugu yanayoota juu hukutana na dawa. Ukichimba shimo na kurudishia udongo wa juu wenye dawa kuzunguka mizizi, umeupeleka mche mahali pa hatari. Utadumaa na mizizi yake itakuwa mifupi na minene kama vijiti.

*Mchicha.* Kwa dawa nyingi za majani mapana, mchicha wa kuliwa na mchicha pori ni kitu kimoja. Palizi ya mkono ndiyo salama.

*2,4-D haina mboga rafiki.* Hutumika sana kwenye mahindi na mpunga. Nyanya huathirika kwa kiasi kidogo mno, hata mabaki yaliyobaki ndani ya bomba au ukungu wa dawa uliopeperushwa kutoka shamba la jirani. Majani hujikunja na kuwa membamba, na shina hujipinda. Ukiweza, kuwa na bomba la dawa za magugu peke yake na ulitie alama ya rangi.

Kipimo kimoja, wapulizaji wawili

Tuseme dawa inatakiwa mililita 400 kwa ekari. Mkulima wa kwanza anatembea mwendo wa kawaida na kutumia lita 3 za maji kwenye eneo la mita 10 kwa mita 10. Ekari moja ina karibu mita za mraba 4,000, kwa hiyo atatumia lita 120, yaani mabomba 8 ya lita 15. Akiweka mililita 50 kwa bomba, atafikisha mililita 400. Sawa kabisa.

Mkulima wa pili anaweka mililita 50 zilezile, lakini anatembea polepole na kurudia mistari. Anatumia lita 6 kwenye eneo hilohilo. Ekari yake itachukua mabomba 16, na dawa mililita 800. Ameweka mara mbili, ingawa kifuniko cha kupimia ni kilekile. Mche uliokuwa ukishinda ile mbio sasa unashindwa.

Kwa hiyo kabla ya dawa, jipime kwa maji matupu. Pima mita 10 kwa 10, jaza bomba hadi alama, puliza kwa mwendo wako wa kila siku, kisha angalia maji yaliyotumika. Fanya hesabu kwa namba yako mwenyewe. Ya jirani haitakufaa.

Udongo nao una neno

Udongo wa mfinyanzi na wenye samadi nyingi hushika sehemu kubwa ya dawa, na mizizi hupata kidogo. Udongo wa kichanga hushika kidogo, hivyo dawa nyingi hubaki kwenye maji na kuzama hadi kwenye mizizi mvua ikinyesha au ukimwagilia kwa wingi. Ndiyo maana lebo nyingi hutoa kipimo kidogo kwa kichanga, au hukataza kabisa. Mkulima wa kando ya mto mwenye kichanga asichukue kipimo cha mwenzake wa udongo mzito.

Mabaki ya dawa ya mahindi

Hili ndilo linalowaumiza wengi wanaolima mahindi wakati wa masika na mboga za umwagiliaji wakati wa kiangazi kwenye shamba hilohilo.

Atrazini haidhuru mahindi kwa sababu mahindi huivunja haraka. Mtama na miwa pia huivumilia. Nyanya, kabichi, vitunguu, matango na maharage hayana uwezo huo. Na atrazini haiishi mara moja. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba nusu yake hupotea baada ya siku 60 hivi: ukiwa na gramu 100, baada ya miezi miwili zimebaki 50, baada ya minne 25. Wanaoivunja ni vijidudu vya udongo, nao huhitaji unyevu na joto. Udongo ukiwa mkavu, wa baridi, au wa magadi, dawa hukaa muda mrefu zaidi.

Dalili yake hudanganya. Mbegu huota vizuri kabisa, kwa sababu mche mchanga hula akiba ya mbegu. Majani halisi yanapoanza kufanya kazi ndipo njano huanza, kisha kingo hukauka. Mkulima hudhani ni kinyausi au upungufu wa mbolea.

Samadi nayo inaweza kubeba dawa. Uingereza mwaka 2008, walima bustani waliona nyanya, maharage na viazi vyao vikijikunja baada ya kuweka samadi. Ng'ombe walikuwa wamekula majani ya malisho yaliyopulizwa aminopiralidi, dawa inayopita tumboni mwa ng'ombe bila kuvunjika. Uuzaji wa dawa hiyo ulisitishwa huko mwaka huohuo. Ukinunua samadi, uliza malisho yalipulizwa nini.

Jaribio la vikopo

Huhitaji maabara ili kupata dokezo. Unahitaji vikopo 8, mbegu kidogo na wiki tatu.

1. Chota udongo wa shamba unalolitilia shaka kutoka sehemu kumi tofauti, kina cha sentimita 10 hadi 15. Uchanganye vizuri.
2. Chota udongo wa aina hiyohiyo mahali ambapo hapajapulizwa kamwe, kwa mfano kando ya uzio.
3. Toboa vikopo chini. Jaza vinne kwa udongo wa shamba na vinne kwa udongo safi. Viandike.
4. Panda mbegu za zao unalotaka kulima. Ongeza maharage au tango kwenye baadhi ya vikopo, kwa sababu huonyesha madhara upesi.
5. Weka vyote kwenye jua, umwagilie sawasawa. Jua ni lazima, maana dawa kama atrazini huonyesha madhara mmea unapopata mwanga.
6. Subiri hadi majani halisi mawili au matatu yatoke. Linganisha.

Kama miche ya udongo wa shamba ni ya njano, imedumaa au imejikunja kuliko ile mingine, usipande mboga msimu huo. Rudisha mahindi au mtama kama dawa iliyotumika ni atrazini. Kama miche inalingana, anza na tuta moja kabla ya kupanda shamba zima. Samadi unaweza kuijaribu vivyo hivyo kwa kuichanganya na udongo safi.

Ni dawa, au ni ugonjwa?

Angalia mpangilio kwanza. Madhara ya dawa huwa na mstari: upande wa jirani aliyepuliza, mwisho wa tuta ambapo mpulizaji aligeuka, au mahali bomba lilipopita mara mbili. Magonjwa huanza huku na kule.

- Majani yaliyojikunja ya nyanya yakitokea mche mmoja hapa na mwingine pale, na inzi weupe wapo, huenda ni rasta. Yakitokea safu nzima kwa wakati mmoja, na magugu ya kando yamejipinda pia, shuku 2,4-D.
- Mche ukianguka shina likiwa limeoza usawa wa udongo, ni kinyausi.
- Njano inayoanza kwenye majani ya chini na kingo zake ni dalili ya atrazini au metribuzini.
- Njano au weupe kwenye majani mapya ya juu, hasa karibu na kikonyo, unaweza kuwa wa glaifoseti.
- Madoa yaliyoungua ndani ya siku moja au mbili, na majani mapya yanatoka safi, ni ya dawa zinazounguza tu. Mche huo mara nyingi hupona.

Madhara yakishatokea

Hakuna dawa ya kuiondoa dawa ndani ya mche. Mbolea ya majani haiwezi kurudisha jani lililokufa, na kupuliza kitu kingine juu ya mche uliodhoofika huuongezea mzigo. Mwagilia kwa kiasi, usipulize chochote, na usubiri siku 7 hadi 10. Angalia kichipukizi cha kati. Kikitoa majani ya kawaida, mche utaendelea. Kisipotoa, tumia muda wako kuandaa miche mingine kwenye udongo uliopita jaribio la vikopo.

Tunza kopo na risiti, piga picha za shamba, na umwite afisa ugani mapema. Picha za siku ya tano zina thamani kuliko maelezo ya mwezi wa pili.

Kabla ya kununua

Mweleze muuzaji mambo manne: zao lako na umri wake, udongo wako, ulichopuliza msimu uliopita, na utakachopanda baadaye. Akikupa dawa bila kuuliza hata moja, soma lebo mwenyewe au mwombe kijana akusomee. Hakikisha zao lako limetajwa na dawa imesajiliwa: kwa Tanzania na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na kwa Kenya na Bodi ya PCPB.

Vaa glavu, buti na nguo ya mikono mirefu, na usipulize upepo ukivuma. Parakwati hasa ni sumu kali kwa binadamu na haina dawa ya kuizima ikimezwa, kwa hiyo isihamishiwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji.

Na kitaluni, ambako miche ni midogo na eneo ni la hatua chache, jembe dogo na mkono bado vinashinda. Nusu siku ya kung'oa magugu kwenye kitalu ni nafuu kuliko kununua mbegu mara ya pili na kusubiri wiki nyingine nne huku mvua au maji ya zamu yakipita.